Kilo si Lita

Kosa lililonigharimu zaidi katika kazi yangu lilikuwa na maneno manne tu: "na malipo ya wakulima."

Mkataba ulisema nitausaidia ushirika mmoja wa maziwa, upande wa juu wa Molo, kupata "mfumo wa kupokea maziwa na malipo ya wakulima". Niliusoma, nikaona sawa, nikatia sahihi. Kwangu mimi malipo yalikuwa hesabu ya darasa la tano: kilo za mwezi mzima, zidisha kwa bei, tuma kwa M-Pesa. Kwa ushirika, malipo ni yote yanayotokea kati ya maziwa kuingia kwenye mkebe na pesa kuingia kwenye simu. Kuna makato ya chakula cha ng'ombe na chumvi ambayo mkulima amechukua agroveti kwa mkopo, deni la daktari aliyempandisha ng'ombe, advansi ya katikati ya mwezi, akiba ya sacco, hisa, gharama ya pikapu inayozoa maziwa vijijini, na karo ambayo ushirika hupeleka shuleni moja kwa moja kwa niaba ya mwanachama. Kazi ya miezi mitatu ikala tisa, na bei ikabaki ileile. Hakuna aliyenidanganya, na hilo ndilo lililoniuma. Kila mtu alikuwa mkweli. Neno lilikuwa moja, maana zikawa mbili.

Naandika kwa anayeingia katika kazi hii ya uchambuzi wa biashara, hasa aliye hapa kwetu: Nakuru mjini, Njoro, Gilgil, Naivasha. Vitabu humchora mchambuzi kama mtu aliyesimama kati ya mwenye biashara na waandishi wa programu, akimfasiria huyu maneno ya yule. Huku kwetu mara nyingi wote hao ni mtu mmoja. Asubuhi anachambua, mchana anaandika programu, jioni anapiga simu kudai pesa zake. Ndiyo maana mipaka ya kazi, ambayo ofisini tunaiita skopu, inamhusu zaidi ya inavyomhusu mwenzake wa Nairobi aliyeajiriwa na benki. Benki ikikosea mipaka, faida inapungua. Wewe ukikosea, mwenye nyumba anabisha hodi.

Tangu kosa lile la Molo sikubali kuandika mstari hata mmoja wa makubaliano kabla sijakwenda mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika, saa inapofanyika. Kwa ushirika wa maziwa, hiyo ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kwenye kituo cha kupokea maziwa, baridi imekaza, ukungu haujaachilia barabara. Nilipata mteja mwingine wa maziwa mwaka mmoja baada ya balaa lile, na safari hii nilikwenda kwenye mizani kwanza, bodi baadaye.

Karani alikuwa mama wa makamo, gambuti miguuni, koti jeupe juu ya sweta mbili. Mkulima akifika, karani anafunua mkebe, ananusa. Anazamisha laktomita, anainama kuisoma, maana maji yaliyoongezwa usiku huonekana hapo. Anachota maziwa kidogo, anayachanganya na alkoholi kwenye kikopo, anayazungusha. Yakiganda vipunje, mkebe unarudi nyumbani na mwenyewe. Yakipita, yanamiminwa kwenye ndoo iliyotundikwa kwenye mizani. Anasoma namba kwa sauti, anaandika mara mbili: kwenye daftari la kituo na kwenye kadi ya mkulima. Kwa mkulima mmoja, yote hayo huchukua dakika moja na ushee. Nyuma yake foleni ya bodaboda zenye mikebe inanguruma.

Nilisimama pembeni nikitazama daftari. Juu ya safu kulikuwa na neno lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: LITA. Mizani ilikuwa inasoma kilo.

"Mama, hapa mnapima kilo au lita?"

Akacheka bila kuinua macho. "Tunapima kilo, mwanangu. Tunasema lita."

Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Mkulima aliyeleta kilo 20 ameleta lita 19.4 hivi. Kwa mkulima mmoja hiyo ni chai ya nyumbani. Kwa ushirika unaopokea kilo 10,000 kwa siku, ni karibu lita 290 zinazoelea kati ya daftari na lori, kila siku. Kama unanunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine, kuna anayenufaika na kuna anayeumia, na kompyuta itamwanika mmoja wao mwezi wa kwanza tu. Sasa jiulize: uamuzi wa kuchagua kilo au lita ni wa nani? Si wa mchambuzi. Si wa karani. Ni wa bodi, pengine ni wa mkutano mkuu. Kazi yako ni kuuona, kuupeleka mezani ukiwa umeandikwa kwa maneno machache, na kukataa kuendelea mpaka ujibiwe.

Asubuhi ileile niliona jambo la pili, na lilikuwa zito kuliko kilo na lita. Mama mmoja alileta maziwa, yakaandikwa kwenye namba ya uanachama ya mumewe. Jirani yake akaleta mikebe miwili: mmoja wake, mmoja wa shemeji, yote ikaingia namba moja. Hayo hayasemwi kwenye chumba cha bodi, maana waliomo humo wengi ndio wenye namba. Lakini ukibadilisha malipo kutoka bahasha ya dirishani kwenda M-Pesa, umeamua simu ya nani italia mwisho wa mwezi. Yule mama aliyekamua saa kumi usiku huenda zamani alikuwa anapokea bahasha mwenyewe. Mfumo wako unaweza kumnyang'anya bila mtu yeyote kukusudia.

Je, uliingize hilo kwenye kazi yako? Mimi nasema hapana, na wapo watakaonilaumu. Nani ni mwanachama na nani apokee ni suala la ushirika na la familia. Nililoandika kwenye makubaliano ni hili: "Mfumo utalipa namba ya simu ambayo ofisi imeisajili kwa kila mwanachama. Kuhakiki namba hizo na mwenye haki ya kulipwa ni kazi ya ofisi, nayo ikamilike kabla ya malipo ya kwanza." Sentensi mbili. Zilipojadiliwa, bodi ilikaa alasiri nzima juu yake, na mwishowe wakatangaza kwamba mwanachama anaweza kusajili simu ya mkewe. Sikuwaambia wafanye hivyo. Niliwaonyesha tu mahali mpaka ulipopita.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukurasa wenye thamani kubwa katika makubaliano ni ule wa mambo yasiyokuwemo. Orodha ya utakayofanya kila mtu huiandika, na kila mtu huisoma akiongezea ya kwake kichwani. Ukiandika "ripoti", mwenyekiti anaona ripoti za mkutano mkuu, meneja anaona za kiwanda, mweka hazina anaona za benki. Ukurasa wa yasiyokuwemo unawaamsha. Andika "Nje ya kazi hii: hesabu za agroveti", uone meneja anavyoinua kichwa. Bora akasirike siku hiyo kuliko mwezi wa sita.

Lakini usiishie kwenye "haimo". Kila kilicho nje kiandikie jina la atakayekifanya. Ila jina peke yake halitoshi. Mfano mzuri uko hapa juu yetu, kwenye kreta ya Menengai. Umeme wa mvuke pale uligawanywa vipande: kampuni ya serikali ya GDC ichimbe visima na kuleta mvuke; kampuni tatu binafsi, Sosian, Quantum na OrPower 22, kila moja ijenge mtambo wa megawati 35; KETRACO ishughulikie kusafirisha umeme; Kenya Power inunue. Megawati 105 kwa jumla. Kwenye karatasi ni mgawanyo safi kabisa. GDC ilianza kuchimba mwaka wa 2011, na mtambo wa kwanza, wa Sosian, ukaanza kutoa umeme mwaka wa 2023. Miaka kumi na miwili. Katikati kulikuwa na mvuke tayari bila mtambo wa kuutumia, na mitambo isiyoweza kujengwa kwa sababu wenye fedha walikuwa wanangoja barua za serikali za kuunga mkono miradi hiyo. Kila mmoja alijua kipande chake. Kazi ngumu ilikuwa pale kipande kimoja kinapogusana na kingine: nani anamngoja nani, na kungoja huko kunamgharimu nani.

Mradi wako wa shilingi laki tatu una viungo vilevile. Mfumo wako wa maziwa unagusana na mizani ambayo hukuiuza, na simu ambazo hukuzinunua, na akaunti ya M-Pesa ya kulipia watu wengi ambayo maombi yake yanapitia mikononi mwa wengine, na orodha ya wanachama iliyoko kwenye faili la 1998. Kwa kila mgusano andika: ni nani analeta, analeta lini, na asipoleta tarehe yako inasogea siku ngapi. Hicho cha mwisho ndicho wengi wanaona haya kukiandika. Kiandike.

Kuna na yale tunayoyachukulia kuwa kweli bila kuyasema. Nilichukulia kwamba kituo kina mtandao. Kilikuwa nao, ukisimama juu ya jiwe lililo karibu na choo. Mambo ya aina hii yanaporomosha hata miradi ya mabilioni. Mkataba wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita hapa mjini, ulitiwa sahihi Paris mwaka wa 2020 na muungano ulioongozwa na Vinci ya Ufaransa. Ulivunjwa kabla ya ujenzi wenyewe kuanza, na moja ya mambo yaliyobishaniwa lilikuwa nani abebe hasara ikiwa magari yatakayolipia barabara yatakuwa machache kuliko yaliyokadiriwa. Kazi ikazinduliwa upya Novemba 2025 kwa mkataba mwingine. Idadi ya magari kwao ni kama mtandao wa kituo kwangu: kitu ambacho kazi yote imekaa juu yake, na hakiko mikononi mwa yeyote aliyesaini. Kwa hiyo nina sehemu ninayoiita "Tunachukulia kwamba". Tunachukulia kwamba kituo kina umeme kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Tunachukulia kwamba karani hatabadilishwa katikati ya mafunzo. Ikiwa si hivyo, tunakaa tena.

Suala la lugha ni kubwa, nami nina ukali nalo. Makubaliano mengi ya kazi hizi huandikwa Kiingereza cha kunakili, mara nyingi kutoka mkataba wa kampuni ya ng'ambo, kisha yanawekwa mbele ya kamati ya wazee ambao wataendesha mfumo huo kwa Kiswahili, Kikuyu na Kikalenjin. Bonde hili limeshaonja karatasi za namna hiyo. Agosti 1904, Naivasha, Olonana na wazee wengine wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye makubaliano yaliyoandikwa Kiingereza, yaliyowaondoa kwenye malisho ya bondeni na kuahidi kwamba ardhi waliyoachiwa itakuwa yao muda wote ambao Wamaasai watakuwepo. Miaka saba baadaye, 1911, wakaletewa karatasi nyingine ya kuwatoa Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, kesi ilitupwa. Silinganishi dhuluma ile na programu ya kompyuta. Nasema tu kwamba mtu wa Bonde la Ufa akikuuliza mara tatu karatasi yako inasema nini, ana sababu, na kumwonyesha mahali pa kusaini si jibu.

Kwa hiyo mimi huandika kwa Kiswahili, kisha nasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya wote watakaougusa mfumo: mwenyekiti, meneja, mweka hazina, karani wa mizani, na dereva wa pikapu akipatikana. Inachosha. Chai hunywewa mara mbili. Lakini sikio husikia mambo ambayo jicho limeruka. Katika kikao kimoja nilisoma "mfumo utatoa taarifa kwa mkulima kila siku", na mzee aliyekuwa amesinzia akafumbua macho: "Kwa njia gani? Meseji? Na meseji inalipiwa na nani?" Hakuna mtu, mimi nikiwemo, aliyekuwa amefikiria hilo. Wakulima mia nane, meseji moja kila siku, mwezi mzima, ni meseji 24,000. Tukabadilisha papo hapo: taarifa kila wiki, gharama juu ya ushirika.

Sahihi sasa. Viongozi wa ushirika huchaguliwa, na mkutano mkuu ukifika katikati ya mradi unaweza kuamka una mwenyekiti mpya asiyekujua. Hakikisha uamuzi wa kukupa kazi umeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi, upate namba ya kumbukumbu hiyo uitaje kwenye mkataba. Omba pia ateuliwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukujibu. Wakiwa watano, utapata majibu matano. Na kwa kuwa utashika majina, namba za vitambulisho na simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Andika ni nani mwenye data, nani anaishika, na itarudishwaje siku mkiagana.

Halafu yanakuja mabadiliko. Yatakuja tu, hata ungeandika kurasa mia. Wateja wangu wengi walikuwa katikati ya kazi serikali ilipoleta eTIMS, mfumo wake wa ankara za kodi, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ikawa haikubaliki kwenye hesabu za kodi. Hapo huwezi kumwambia mteja jambo hilo halimo kwenye mkataba, ukaondoka. Ila huwezi pia kulibeba bure. Miradi ya serikali ina ukuta wake: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu mabadiliko yote ya mkataba kwa pamoja kuongeza bei ya mwanzo kwa zaidi ya asilimia 25. Ukifanya kazi na kaunti, ujue ukuta huo uko wapi kabla hujaugonga. Kwa watu binafsi hakuna ukuta, jenga wako. Wangu ni karatasi ya nusu ukurasa: nini kinabadilika, nani ameomba, siku ngapi zaidi, shilingi ngapi zaidi, sahihi mbili. Bila karatasi hiyo, kalamu yangu haisogei.

Adui wa karatasi hiyo ni simu. Ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku: "Kijana, tuongezee tu pale jina la lokesheni. Ni kitu kidogo." Nchini mwetu "kitu kidogo" kina maana mbili, na zote mbili humaliza watu. Jina la lokesheni linaanza kama safu moja, kesho linataka ripoti kwa lokesheni, keshokutwa bei tofauti kwa lokesheni. Usikatae kwa ukali. Mwenyekiti ni mzee wako na kesho mtakutana sokoni. Jibu: "Nimesikia mzee, naliandika tulijadili Ijumaa." Kisha liandike kweli. Utashangaa ni maombi mangapi hufa yenyewe kabla ya Ijumaa kufika.

Kazi itaisha lini? Swali hili huachwa wazi kuliko yote, na malipo yako ya mwisho yamefungwa hapo. "Baada ya mfumo kukamilika" ni ahadi ya milele. Sasa huandika hivi: mfumo utaendeshwa sambamba na daftari kwa miezi miwili kamili ya malipo, mwezi wa pili jumla ya kilo na shilingi kwa kila mkulima zikilingana na daftari, au tofauti ikielezwa na karani na kukubaliwa na mweka hazina, kazi imekwisha, na salio linalipwa ndani ya siku 14. Daftari ndilo hakimu, kwa sababu ndilo wanaloliamini. Na zile wiki za mwanzo za kusimama kwenye mizani na kuuliza maswali, toza pesa zake peke yake kwa mkataba wake mdogo. Mteja akisema hawezi kulipia maswali, umeokoa miezi tisa.

Yule mteja wa pili, siku ya kusaini, ukurasa wa "Nje ya kazi hii" ulikuwa mrefu kuliko wa kazi yenyewe. Nilikuwa na wasiwasi. Mwenyekiti aliusoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, miwani kwenye ncha ya pua. Alipofika chini aliomba kalamu. Nikadhani anasaini. Akaongeza mstari kwa mwandiko wake mwenyewe: "Kurekebisha mizani ikiharibika ni kazi ya ofisi, si ya kijana wa kompyuta." Akampitishia meneja karatasi, akasema, "Na huko juu ya daftari, mwambie mama afute lile neno."

Meneja akauliza neno gani.

"Lita," akasema mzee, na ndipo akasaini.